Jua Lisilopimwa

Reli ilipofika Nakuru mwaka 1900, Wazungu walioshuka kwenye mabehewa walikuja na hofu mbili kubwa: mbu na jua. Hofu ya mbu ilikuwa na ushahidi, maana Ronald Ross alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba malaria hupitia kwa mbu. Hofu ya jua ilijengwa juu ya nadharia. Madaktari wengi wa enzi hiyo waliamini kwamba mionzi ya jua la ikweta, hasa ile isiyoonekana kwa macho, hupenya fuvu na uti wa mgongo wa mtu mweupe, ikamchosha neva, ikamtia wazimu, na vizazi viwili vitatu baadaye ikamaliza ukoo. Mwaka 1905 Charles Woodruff, daktari wa jeshi la Marekani, aliandika kitabu kizima kuhusu madhara ya mwanga wa nchi za joto kwa watu weupe.

Bonde la Ufa la kati liliwatisha zaidi. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya bahari, na mstari wa ikweta unapita mwendo mfupi tu kaskazini yake. Hewa ni baridi, jua ni kali, na mtu asiyezoea hajui ameungua hadi jioni. Kwa hiyo walowezi walivaa helmeti nzito za jua au kofia za terai zenye tabaka mbili, na mgongoni wakafunga kipande cha kitambaa kinene cha kukinga uti. Watoto walizuiwa kutoka nje adhuhuri. Lord Delamere, aliyepata ardhi yake Njoro mwaka 1903, inasimuliwa kwamba aliachia nywele zirefuke kisogoni ili jua lisimfikie shingo. Wamaasai, ambao mwaka 1904 walitiwa kwenye mkataba wa kuwahamishia Laikipia, walikuwa wamechunga ng'ombe miaka na miaka kwenye nyanda hizohizo bila kufunga chochote mgongoni.

Ni rahisi kuwacheka walowezi, lakini wasichekwe kupita kiasi. Mionzi waliyoiogopa ipo, ndiyo urujuanimno, na kwa ngozi isiyo na rangi ya kutosha huleta saratani. Kosa lao lilikuwa mahali pa kufunika: waliukinga uti wa mgongo, wakaiacha pua na mikono.

Mwaka uleule ambao Delamere alikuwa akipiga uzio Njoro, Tuzo ya Nobel ya tiba ilipewa mtu aliyeutumia mwanga huohuo kama dawa. Niels Finsen alizaliwa mwaka 1860 katika visiwa vya Faroe, mahali ambapo jua ni mgeni wa nadra. Aliugua muda mrefu, akawa hana nguvu, na inasemekana alianza kuuwaza mwanga baada ya kumwona paka juu ya paa akisogea kila kivuli kilipomfikia. Copenhagen, katika taasisi iliyofunguliwa mwaka 1896, aliwatibu watu wenye kifua kikuu cha ngozi, ugonjwa uliokuwa ukila nyuso zao, kwa taa kubwa ya umeme iliyoelekezwa kupitia lenzi za mawe ya kwazi. Alifariki mwaka mmoja baada ya tuzo. Alichoacha ni zaidi ya tiba ya ugonjwa mmoja: aliutoa mwanga kwenye mikono ya hali ya hewa. Taa ina nguvu ileile leo na kesho, ina umbali unaojulikana kutoka kwa ngozi, na ina saa ya kuhesabu dakika. Jua la Nakuru, pamoja na ukali wake wote, halina hata moja kati ya hayo.

Ugonjwa mwingine ambao mwanga huu ungekuja kuutibu ulikuwa tayari umeandikwa kwenye vitabu vya Paris. Mwaka 1806, katika Hospitali ya Saint-Louis, Jean-Louis Alibert alimwona mgonjwa aliyeanza na mabaka yenye magamba, kisha yakaota uvimbe mithili ya uyoga. Alidhani ni jamaa ya buba. Baadaye, mwaka 1832, aliuita ugonjwa huo kwa jina la uyoga, na jina hilo, mikosisi fungoidesi, limeng'ang'ania hadi leo ingawa hauna fangasi hata kidogo. Pierre Bazin akaeleza mwaka 1870 kwamba unapita hatua tatu: baka, ngozi iliyotuna, kisha uvimbe. Ilichukua zaidi ya karne moja kuthibitisha kwamba ni saratani ya seli T, zile chembe nyeupe za damu zenye kazi ya ulinzi, ambazo hukaa kwenye ngozi na kuzaana kupita kiasi. Kwa hiyo ni limfoma, lakini ni limfoma inayotembea polepole mno. Mtu anaweza kukaa na mabaka miaka kumi kabla ya kuambiwa jina lake, na wale ambao ugonjwa umewashika eneo dogo la ngozi kwa kawaida huishi karibu sawa na watu wengine wa umri wao.

Afrika Mashariki, neno limfoma lilikuwa na sura nyingine kabisa. Lilikuwa taya la mtoto. Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Hospitali ya Mulago, Kampala, aliandika mwaka 1958 kuhusu uvimbe wa mataya kwa watoto wa Uganda, na mwaka 1961 yeye na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, wakaendesha gari aina ya Ford maili 10,000 kwa wiki 10 hivi, kutoka Kampala kwenda kusini, wakiuliza hospitali moja baada ya nyingine kama wamewahi kuuona. Ramani waliyoichora ilionyesha kwamba karibu na ikweta uvimbe huo hupungua sana juu ya futi 5,000. Yaani nyanda za Nakuru, Molo na Naivasha zilikuwa nje ya ukanda wake. Ramani hiyo ni moja ya kazi nzuri za tiba zilizofanywa na watu waliokuwa na bajeti ndogo na subira kubwa. Lakini ilikuwa na athari yake pia: macho ya wanaotafuta limfoma yalielekea mabondeni kwenye joto na malaria, na baadaye, VVU ilipoingia, macho ya wanaotafuta saratani ya ngozi yakaelekea kwa sarkoma ya Kaposi. Limfoma ya ngozi inayotambaa taratibu, kwa mtu mzima wa nyanda za juu anayejikuna kiunoni, haikuwa na mtetezi.

Nayo ina hila ya kujificha. Hupenda sehemu ambazo jua halizifikii: matako, nyonga, kiuno, mapaja kwa ndani, chini ya matiti. Ni sehemu ambazo mtu hamwonyeshi jirani, na mara nyingi hata daktari hamwonyeshi mpaka aulizwe. Halafu kwenye ngozi nyeusi haisomeki kama picha za vitabu, ambazo nyingi ni za watu weupe wenye mabaka mekundu. Iko aina moja, inayowapata zaidi watu weusi na tena vijana, ambayo huja kama madoa yaliyopauka. Mtu anaitazama na kusema ni mbalanga, au choa, au alama iliyobaki baada ya mba. Mhudumu mwangalifu wa ukanda wetu ataanza kwa kupima kama doa hilo lina hisia, kwa sababu doa lililopauka lisilosikia sindano ni ukoma hadi ithibitishwe vinginevyo.

Bonde la Ufa la kati lina visingizio vyake vya ziada. Kwa miongo kadhaa Kenya ndiyo iliyoongoza duniani kwa pareto, na Nakuru ndiko bodi ya zao hilo ilikokuwa na kiwanda chake. Wachumaji wa Molo na Mau Narok wanajua kwamba ua lile huwasha: mikono hupasuka, shingo huvimba. Naivasha nako wapo wanaofanya kazi kwenye nyumba za maua wakishika dawa za kunyunyizia. Mtu kutoka mashamba hayo akija na mwasho usiokwisha, jibu linalokuja haraka ni kazi yake, na mara nyingi ni jibu sahihi. Anapewa krimu ya steroidi, baka linafifia, linarudi, anapewa nyingine. Krimu hiyohiyo hutuliza limfoma kidogo, na hivyo huficha dalili bila kuuondoa ugonjwa. Njia ya kutoka ni kukata kipande kidogo cha ngozi na kukipeleka maabara, na kukata tena miezi kadhaa baadaye kama jibu la kwanza halikueleweka, maana hatua za mwanzo humchanganya hata mtaalamu wa hadubini.

Wanaoweza kushuku jambo hili wameongezeka. Mwaka 1992 Kituo cha Mafunzo ya Ngozi cha Kanda kilianzishwa Moshi, kwenye Hospitali ya KCMC, chini ya mlima Kilimanjaro. Kiliamua kuwafundisha maafisa wa kliniki, siyo kusubiri madaktari bingwa ambao wangebaki mijini, na wahitimu wake wamerudi kufanya kazi katika nchi nyingi za Afrika, Kenya ikiwemo. Kwa maoni yangu huo ulikuwa uamuzi wa busara kuliko hospitali nyingi kubwa zilizojengwa wakati uleule.

Turudi kwenye mwanga. Baada ya Finsen, hatua iliyofuata haikutoka Ulaya. Ilitoka ukingoni mwa Nile. Misri kuna mmea wa mwituni unaochanua maua meupe kama mwavuli, ambao waganga wa kale waliutumia kwa mbalanga: mgonjwa alimeza unga wa mbegu zake kisha akakaa juani. Katika miaka ya 1940 wanakemia wa Cairo walitenga kiini chake, kinachoitwa psoraleni, na daktari Abdel Monem El Mofty akakijaribu kwa wagonjwa wa mbalanga kwa utaratibu wa kisayansi. Psoraleni yenyewe haitibu kitu. Hukaa ndani ya seli ikingoja, na mwanga wa urujuanimno aina ya A unapoigusa, hujifunga kwenye vinasaba vya seli hiyo na kuizuia isigawanyike.

Boston, mwaka 1974, John Parrish na Thomas Fitzpatrick pamoja na wenzao waliunganisha dawa ya Misri na taa mpya zenye nguvu, wakatibu soriasisi. Tiba hiyo ikaitwa PUVA. Miaka miwili baadaye Barbara Gilchrest na kundi lilelile wakaandika kwamba inasafisha pia mabaka ya limfoma ya ngozi. Ilikuwa ni habari kubwa, kwa sababu hadi hapo mgonjwa alipakwa dawa za jamii ya gesi ya sumu ya vita au alipigwa mionzi ya elektroni mwili mzima. Katika miaka ya 1980 ikaja taa nyingine, ya urujuanimno B wa mawimbi membamba, yenye nanomita 311 au karibu, isiyohitaji kidonge chochote. Haiingii ndani sana kama PUVA, kwa hiyo inafaa mabaka membamba, lakini inaweza kutolewa kwa mtoto na kwa mama mjamzito.

Kuna jambo dogo la Boston ambalo wasomaji wa huku wanapaswa kulijua. Ili kukadiria dozi ya kwanza, Fitzpatrick mwaka 1975 aligawa ngozi za watu kulingana na zinavyoungua na kubadilika rangi. Aina zake zilikuwa nne, zote za watu weupe. Ngozi ya kahawia na ngozi nyeusi zikaongezwa baadaye kama aina ya tano na ya sita. Mkenya na Mganda wakaishia kwenye mizani iliyotengenezwa kwanza kwa ajili ya Mswidi.

Pamoja na mwanga, limfoma hii hutibiwa pia kwa retinoidi. Hizi ni jamaa za vitamini A, na historia yao inapita Afrika Mashariki kwa mlango wa gereza. Mwaka 1933 daktari L.J.A. Loewenthal aliandika kuhusu wafungwa wa Uganda waliokuwa na macho yasiyoona vizuri usiku na ngozi kavu yenye vipele vigumu kwenye kila kitundu cha nywele. Alihusisha yote mawili na chakula chao kukosa vitamini A, akawatibu kwa mafuta ya ini la samaki. Kabla ya hapo vitamini hiyo ilikuwa zaidi habari ya macho na ya panya wa maabara. Wafungwa wale walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuonyesha kwamba ngozi ya binadamu inaisikiliza.

Anayesimama kando ya Ziwa Nakuru huitazama kemia hiyo bila kujua. Uwaridi wa heroe wadogo hutoka kwenye karotenoidi za mwani wa buluu-kijani wanaouchuja kwa midomo kutoka kwenye maji ya magadi, na karotenoidi ni ukoo ambao baadhi yake mwili huzigeuza kuwa vitamini A. Heroe anayekosa chakula hicho hupauka.

Lakini kumpa mtu vitamini A nyingi ni kumtia sumu. Kwa hiyo Werner Bollag na wenzake katika kampuni ya Roche, Basel, walitengeneza molekuli mpya zinazofanana nayo, wakitafuta ile inayofanya kazi kabla ya kudhuru. Mwaka 1983 madaktari wa Arizona waliripoti kwamba mojawapo, isotretinoini, iliyoidhinishwa mwaka mmoja kabla kwa chunusi kali, ilipunguza limfoma ya ngozi kwa baadhi ya wagonjwa. Mwaka 1987 Ronald Evans huko California na Pierre Chambon huko Strasbourg waligundua kipokezi ndani ya seli ambacho molekuli hizi hukishika. Kutoka kwenye elimu hiyo ikatoka beksaroteni, iliyoidhinishwa Marekani mwishoni mwa 1999 mahsusi kwa limfoma ya ngozi ya seli T.

Wazo la kuziunganisha lilikuja lenyewe: retinoidi kwa kinywa, mwanga kwenye ngozi, kila kimoja kikimpunguzia mwenzake mzigo. Kliniki nyingi za Ulaya zilifanya hivyo kwa miaka kabla ya mtu kuuliza kwa ukali kama inasaidia. Jaribio la shirika la utafiti wa saratani la Ulaya, lililochapishwa mwaka 2012 na Sean Whittaker na wenzake, liligawanya wagonjwa 93 wa hatua za mwanzo: nusu PUVA peke yake, nusu PUVA na beksaroteni. Lilifungwa mapema kwa kukosa wagonjwa wa kutosha, na halikuonyesha tofauti ya kuaminika kati ya makundi. Pengine waliopata vyote viwili walihitaji vikao vichache kidogo. Hilo si jambo la kupuuza kwa mtu anayelipia nauli, lakini beksaroteni ina bei yake nyingine: hupandisha mafuta kwenye damu, mara nyingi sana, na hushusha homoni ya tezi ya shingo, kwa hiyo mgonjwa hupimwa damu kila mara na wengi huongezewa vidonge viwili vya kurekebisha kilichoharibiwa na kile cha kwanza. Asitretini ni rahisi zaidi kupatikana, ila mwanamke anayeinywa hapaswi kushika mimba hata miaka mitatu baada ya kuiacha. Mimi ningeanza na taa.

Na kuanza na taa ni hivi. Mgonjwa huvua nguo zote, mwanamume akafunika sehemu zake za siri, akavaa miwani myeusi na kuingia kwenye kabati lililozungukwa na mirija mirefu ya mwanga. Siku ya kwanza hukaa humo kwa sekunde au dakika chache. Kikao kinachofuata huongezwa kidogo, kisha kidogo tena, kwa kufuata namna ngozi ilivyostahimili. Hapo ndipo ngozi nyeusi inahitaji muuguzi mwenye uzoefu, kwa sababu wekundu wa kuungua hauonekani vizuri. Huweka mgongo wa mkono juu ya bega la mgonjwa kusikia joto, na kuuliza kama shuka ilimchoma usiku. Kwa taa ya mawimbi membamba hurudiwa mara mbili au tatu kwa wiki kwa miezi kadhaa.

Anayetumia PUVA humeza kidonge saa mbili kabla, na tangu hapo hadi kesho yake ngozi na macho yake huwa wazi kwa madhara ya mwanga. Akitoka kliniki saa sita mchana Nakuru, akasimama stendi akingoja matatu ijae, jua linaendeleza tiba ambayo hakuna aliyeipima. Atavaa miwani ya kuzuia urujuanimno, shati la mikono mirefu na kofia yenye ukingo mpana. Walowezi wa Njoro wangemwelewa.

Ndiyo sababu ushauri wa kumwambia mtu aende tu kuota jua, ambao nimeusikia kwa watu wenye nia njema, haufai. India na Misri wapo wanaotibiwa mbalanga kwa psoraleni na jua, chini ya uangalizi, kwa kuwa taa ni ghali. Lakini jua la saa nne asubuhi si la saa sita, la Januari si la Julai yenye mawingu, na limfoma iko kiunoni, mahali ambapo mtu hawezi kuota jua uani akiwa na wapangaji wenzake.

Wataalamu wa ngozi nchini wamejazana Nairobi na miji michache mikubwa. Kutoka Nakuru hadi Nairobi ni kilomita 160 hivi. Anayepelekwa huko mara tatu kwa wiki husafiri karibu kilomita 1,000 kwa wiki kwa ajili ya dakika chache ndani ya kabati, akiacha duka au shamba. Nakuru ilitawazwa kuwa jiji Desemba 2021, na hospitali yake kuu, ambayo wenyeji wengi bado wanaiita PGH, sasa ina huduma za saratani ambazo zamani zilifuatwa Nairobi. Mashine ya mionzi ya saratani ni mradi wa fedha nyingi na majengo yenye kuta nene. Kabati la taa za ngozi linaingia kwenye chumba cha kawaida chenye umeme wa uhakika, na wagonjwa wa mbalanga na soriasisi, ambao ni wengi zaidi, wangelitumia kuanzia asubuhi. Katika mambo yote ya tiba hii, sijui lililo rahisi kuliko hilo.

Limfoma hii husafika kwa wengi, kisha kwa wengi hurudi, baada ya miezi au miaka, na tiba huanza upya. Hapo hesabu ndiyo inayotawala. Mwanga huohuo unaoua seli mbaya huongeza hatari ya saratani nyingine za ngozi, kwa hiyo madaktari wengi huweka ukomo wa vikao 200 hivi vya PUVA katika maisha ya mtu. Kila kikao huandikwa kwenye kadi: tarehe, aina ya taa, dozi, jumla. Mgonjwa anayehama kutoka Nakuru kwenda Eldoret au Kisumu anapaswa kuhama na kadi hiyo, kwa sababu bila hiyo daktari mpya hataweza kujua ni vikao vingapi vimebaki.